Kamba ya Buluu na Kaya Isiyo na Jina

"Subiri kidogo, mama," dereva wa pikipiki alisema, akakanyaga breki. "Chuo kinapita."

Mhadhiri mgeni alichungulia juu ya bega la dereva. Alikuwa safarini tangu alfajiri, sanduku limefungwa nyuma yake kwa mpira, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Katika miji yote aliyowahi kufundisha alishasubiri treni ipite, ng'ombe wapite, hata misafara ya mawaziri. Chuo hakuwahi kukisubiri.

Mbele yao kundi la wanafunzi lilikuwa likivuka barabara polepole, wote wakiwa ndani ya kamba ya buluu. Kamba ilianzia nguzo ya kushoto ya lango, ikawazunguka, ikarudi nguzo ya kulia. Aliyetangulia, ameinyanyua kwa mikono miwili kama bibi harusi anayeokoa gauni lake na tope, alikuwa mzee mwembamba mwenye suti ya kijivu na raba nyeupe. Msichana mmoja akatokeza kiwiko nje.

"Kiwiko!" mzee alifoka. "Wewe, rudisha kiwiko chuoni!"

Kiwiko kikarudi chuoni. Kundi likaingia katika karakana ya seremala iliyokuwa ng'ambo ya barabara, na kamba ikabaki imelala juu ya lami. Lori la mchanga likaikanyaga.

"Karibu chuoni!" bawabu alimpigia kelele dereva wa lori.

"Nimeshahitimu!" dereva akajibu, akatokomea.

Mgeni alilipa nauli, akashuka, akasimama na sanduku lake mbele ya lango lisilo na ukuta. Kulia na kushoto kwa zile nguzo mbili hapakuwa na kitu, ila mbuzi waliokuwa wakiingia na kutoka bila kuulizwa kitambulisho.

Habari yenyewe alipewa na bawabu kabla hata hajaulizwa jina. Vyuo vingi, vya huku na vya mbali, vilikuwa vimeungana kujenga ghala moja la takwimu za maisha ya watu: nani anaishi na nani, paa ni la nini, nani anasoma na nani kaacha. Mwanafunzi wa chuo hiki, ambacho paa lake lenyewe lilivuja, aliweza kusoma yale yale aliyoyasoma mwanafunzi wa chuo chenye lifti. Sharti lilikuwa moja, gumu kama kokwa: takwimu zifunguliwe na zizungumzwe ndani ya mipaka ya chuo tu.

Walioliandika sharti hilo bila shaka walikuwa wanafikiria mtandao wa chuo. Lakini sharti lilifika hapa wakati mvua imeangusha ukuta wote, na nusu ya madarasa yamehamia kwa seremala. Sasa mipaka iko wapi? Baraza lilikaa, likanywa chai, likakaa tena. Mwishowe mwalimu wa sheria akatoa hukumu. Mpaka, alisema, si lazima uwe ukuta. Mpaka ni kitu chochote kinachoonekana, kilichoungana na lango, na kinachoheshimiwa. Kamba inaonekana. Kamba inaungana. Heshima ataisimamia mtunza takwimu.

Tangu siku hiyo mtunza takwimu akaitwa Mzee Kamba, na ukimwita kwa jina lake halisi alichelewa kugeuka.

"Shikamoo, mzee," mgeni alimsalimu alipomkuta ofisini.

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe mrithi wangu?"

"Mrithi wa nini? Mimi nimekuja kufundisha mbinu za utafiti."

"Kikao kilikuchagua kwa kauli moja."

"Mbona mimi sikuwepo?"

"Ndiyo maana kauli ikawa moja."

Ofisi ilikuwa zamani stoo ya mashine ya fotokopi, na harufu ya wino haijahama. Kulikuwa na meza, feni iliyopungukiwa bapa moja na kwa hiyo ilizunguka ikichechemea, na kompyuta iliyofunikwa kwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, kama redio ya ukweni. Mzee Kamba alikiondoa kitambaa kwa adabu. Kwenye kioo palikuwa na mstari wa kijani uliokuwa ukitambaa kama konokono aliyesahau kitu nyumbani.

"Duru ya nne ya takwimu," alisema. "Imefunguliwa leo. Leo hii, siku ninayostaafu! Mtandao nao umechagua leo kuugua. Shemeji yangu anakuja kunichukua nikaishi kwa binti yangu, mbali, sirudi tena. Na lazima tuondoke jua likiwa juu, maana macho ya shemeji na taa za magari ya usiku haviivi chungu kimoja."

"Duru ikifika nitaifungulia wanafunzi mimi. Usiwe na wasiwasi."

"Wanafunzi?" Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa bei ya hewa. "Wanafunzi watapata. Wasiwasi wangu ni jamaa zangu. Keti nikujulishe."

Akafungua faili la zamani. Jamaa zake walikuwa mstari wa namba.

Kila baada ya miaka kadhaa, alieleza, wadodosaji walirudi kwenye kaya zile zile wakauliza maswali yale yale. Yeye, alipokuwa bado anajifunza kazi, alihitaji kaya moja ya kujaribia, akaweka kidole popote. Kidole kikaangukia hapa: bibi mmoja mkuu wa kaya, wajukuu watatu, paa la nyasi, redio, mbuzi mmoja.

"Duru ya pili, tazama. Paa: bati! Nilirudi nyumbani nikamwambia marehemu mke wangu, 'Mama watoto, tumeezeka!' Akatazama juu. 'Tumeezeka wapi, na hili sufuria linakinga nini?'"

Mgeni alicheka, kisha akainama karibu na kioo. "Lakini bibi duru ya kwanza alikuwa na miaka sabini. Hapa ana sitini na nane. Hili ni kosa."

"Si kosa. Bati linapunguza umri."

"Mzee!"

"Nenda duru ya tatu." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mbuzi: sifuri. Mjukuu wa kati, msichana, miaka kumi na tatu. Anasoma? Hapana. Sababu ya kuacha? Tisa."

"Tisa ni nini?"

"Sababu nyingine." Alisema kama mtu anayetema mbegu chungu. "Si ada, ada ina namba yake. Si ugonjwa. Si umbali wa shule. Si ndoa, nashukuru, ndoa ni tano. Sababu nyingine! Ni sababu gani hiyo, mwanangu, inayomtoa mtoto darasani na haikupewa hata namba ya kwake? Tangu hapo chakula hakinishuki vizuri. Nataka kitu kimoja tu kabla sijatoka kwenye lango lile: huyu mtoto alirudi shule?"

"Hukuwahi kujaribu kujua ni nani? Wanaishi wapi?"

"Toba!" Mzee alirudi nyuma, kiti kikalia. "Hiyo ndiyo dhambi yenyewe. Watu walimfungulia mlango mtu wasiyemjua, wakamwambia mambo ambayo hata jirani hayajui, wakaahidiwa kwamba hakuna atakayewatafuta. Siwatafuti. Sikisii. Mtu akikisia mbele yangu najiziba masikio. Lakini kuwajali, nani alinikataza?"

Mstari wa kijani ulikuwa umefika nusu uliposikika mlio wa honi kutoka ng'ambo ya barabara, mrefu, wa mtu aliyezoea kungojewa na sasa amegeuziwa kibao. Shemeji alikuwa amefika.

Kwanza ilibidi sherehe ya kuagana. Mkuu wa kitivo alisimama kwenye ngazi, akasema atasema machache, kisha akasema yote. Alisifu uaminifu wa mstaafu. Alisifu kamba. Alitaja chimbuko la kamba katika ustaarabu wa mwanadamu. Mzee Kamba alisimama kwa heshima, lakini shingo yake ilikuwa inageukia dirisha la ofisi kila sentensi ilipofika mkato. Hatimaye alikabidhiwa zawadi ya kitivo kizima, imefungwa kwa karatasi ya maua. Aliifungua. Ilikuwa kamba mpya ya buluu.

"Jamani," alisema, machozi yakimlengalenga, "hamkupaswa."

"Tuliuliza unapenda nini," mkuu wa kitivo alisema, "tukakosa jibu jingine."

Shemeji aliingia kwa lango akiwa amechoka kupiga honi. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye kofia iliyorudishwa nyuma. "Shemeji! Jua halina udugu na mtu. Twende!"

"Vumilia kidogo, shemeji. Nasubiri habari za jamaa."

"Jamaa gani tena? Jamaa uliobaki nao ndio mimi! Marehemu dada yangu alikusubiri kwenye meza ya chakula mpaka mboga zikaota ndevu. Mimi si dada yangu. Giza likinikuta barabarani, miti yote naiona ina taa."

Mzee alirudi ofisini mara ya mwisho. Mstari ulikuwa umebakiza kipande kisichozidi ukucha, na umesimama kabisa. Aliutazama, akakikunja kitambaa cha kufunikia kompyuta, akamkabidhi mgeni ufunguo.

"Nitakupigia simu," mgeni alisema.

"Simu inatoka nje ya mipaka."

"Basi nitakutumia neno moja tu. Ndiyo, au hapana."

"Neno moja nalo ni takwimu." Alimshika mkono. "Nimewakemea watu viwiko, mwanangu. Siwezi leo kutoka mwili mzima." Akachukua sanduku lake na kamba yake ya zawadi, akavuka barabara, akaketi ndani ya gari lililoegeshwa hatua chache kupita karakana ya seremala, akitazama mbele kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Shemeji aliwasha gari. Gari likakohoa, likazima. Akawasha tena, likakohoa tena. Na ofisini, bila taarifa, konokono akafika nyumbani.

Mgeni hakukaa hata kwenye kiti. Alitafuta ule mstari wa namba akiwa amesimama, akauhamishia kwenye laptopu yake, akatoka mbio kifua kikiwa mbele ya miguu. Alipofika langoni Mzee Kamba alimwona, akaona uso wake, akaingiza vidole masikioni.

"Usiseme!" alipiga ukelele kupitia dirisha la gari. "Niko nje!"

Mgeni alisimama kati ya nguzo mbili. Alitazama barabara. Kisha akatazama chini, mahali kamba ya chuo ilipokuwa imelala.

"Bawabu! Shika upande ule!"

Wakaibeba. Lori la mchanga, likirudi, likasimama lenyewe. Dereva alizijua taratibu. Wakavuka na chuo barabara nzima, kamba ikakaza, ikafika mahali pa taa za nyuma za gari, ikaisha. Kati ya chuo na Mzee Kamba pakabaki urefu wa gari.

Mzee aliutazama upungufu ule. Polepole akatoa kidole kimoja sikioni. Akashuka, akaichukua zawadi yake, akaanza kuunga kamba mpya kwenye ile ya zamani. Fundo likawa kubwa kama kitunguu. Pamoja na bawabu wakaizungushia gari lote, shemeji akiwa ndani.

"Subirini!" mwalimu wa sheria aliita kutoka kwenye ngazi za kitivo, kikombe cha sherehe kikiwa mkononi. "Imeungana?"

"Imeungana!" bawabu akajibu.

"Inaonekana?"

"Inaonekana!"

"Inaheshimiwa?"

Wote wakamtazama dereva wa lori. Dereva akavua kofia.

"Basi hapo ni chuo," mwalimu wa sheria alisema, akanywa.

"Mimi je?" shemeji aliuliza kupitia dirishani. "Nimo chuo kikuu? Na nilivyoishia la saba!"

"Nyamaza, uko darasani," Mzee Kamba alimwambia. Akatoa kidole cha pili. "Haya, mwanangu. Anza na bibi. Usinianzie na kubwa."

Mgeni alifungua laptopu juu ya boneti ya gari. "Bibi yupo. Ana miaka sitini na sita."

"Anakwenda vizuri."

"Mbuzi wawili."

"Wawili!" Alimgeukia shemeji. "Umesikia?"

"Mbuzi wa nani?" shemeji aliuliza.

"Mjukuu wa kati," mgeni alisema. "Anasoma? Ndiyo."

Mzee Kamba alishika boneti.

"Ngazi ya elimu," mgeni aliendelea, kwa sauti ya chini, "chuo kikuu."

Hapo kipindi kikaisha kwa seremala. Mlango wa karakana ulifunguka na wanafunzi wakamwagika nje, wamejaa maranda kwenye nywele, wavulana kwa wasichana, wakicheka, wakibishana, wakikaa ndani ya kamba kwa mazoea tu na kulizunguka gari kama maji yanavyolizunguka jiwe. Msichana mmoja akasema, "Shikamoo, mzee." Mwingine akasema hivyo hivyo. Na mwingine.

Mzee Kamba alifungua kinywa kuwaitikia. Kisha uso ukabadilika. Vyuo ni vingi, nchi ni kubwa; lakini wazo limeshabisha hodi, na yeye alijua wazo la namna hiyo likipewa kiti halinyanyuki. Akafumba macho. Haikutosha, akayafunika kwa viganja vyote viwili.

"Marahaba," alisema gizani mwake. "Marahaba. Marahaba, wanangu."

"Shemeji, unalia?" shemeji aliuliza, akishuka kumshika mkono.

"Silii. Nisije nikakisia. Niongoze, nisije nikamwona mtu."

Shemeji alimwongoza mpaka kwenye kiti, akamfungia mlango. Bawabu akaanza kufungua lile fundo, akitaka kamba ya zawadi irudi kwa mwenyewe.

"Iache!" mzee alisema kutoka ndani, viganja bado usoni. "Chuo kimekua."

Safari hii gari liliwaka. Mgeni na bawabu wakaishusha kamba chini, gari likaikanyaga taratibu, likatoka nje ya chuo. Mpaka linafika kwenye kona, kichwa cha Mzee Kamba kilikuwa kimeinama, macho yamefunikwa, na honi ya shemeji ikilia bila sababu yoyote ila furaha.

Wanafunzi walikuwa wamesimama ndani ya kamba, wakisubiri kuvushwa. Mmoja wao, msichana aliyekuwa amebeba madaftari kifuani, akamtazama mhadhiri mpya.

"Mwalimu, yule mzee mbona kaondoka kafumba macho?"

Mhadhiri aliinama, akainyanyua kamba kwa mikono miwili.

"Sababu nyingine," alisema. "Haya, viwiko ndani. Tunavuka."