Nilidanganya Nina Mimba Ili Niwahi Kumzika Baba

Admin, jina langu lifiche, na kijiji chetu usikitaje, mama ana wapwa wengi humu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa pwani ya Tanga, nimeolewa Mombasa. Huu mwaka wa tisa kwenye ndoa, sijajaaliwa mtoto.

Miezi mitatu iliyopita nilipigiwa simu alfajiri kwamba baba amefariki, anazikwa baada ya alasiri. Kwetu maiti hasubirishwi. Nikapanda basi la kwanza. Kufika mpakani Horohoro, mabasi matatu yalikuwa yameshusha abiria kwa pamoja, foleni ya kugonga pasi imetoka hadi juani. Saa nzima nilisogea hatua tano. Pembeni palikuwa na dirisha la wazee, wagonjwa na wajawazito, halina mtu. Nililitazama mpaka shetani akanipata. Nikaingia chooni, nikaikunja leso yangu ya kujitanda, nikaifunga tumboni chini ya baibui.

Nilipotoka, jirani yetu wa kijijini, naye akitokea Mombasa kwenda msibani, aliniona akiwa kwenye foleni. Akapaza sauti: "Jamani mpisheni mwana wa marehemu, tena mja mzito!" Watu wakanipisha wakiniombea dua. Afisa akaniuliza ina miezi mingapi. Nikasema mitano. Basi nikaliacha hapohapo, nikachukua teksi, na leso nikaifungulia njiani.

Nilimkuta baba ameshavishwa sanda, uso haujafunikwa. Nikamuaga. Hilo silijutii.

Jirani aliingia jeneza limeshatoka. Akamwinamia mama: "Bibi wee, usilie hivyo. Binti yako ana mimba, nimemwona kwa macho yangu."

Mama alikuwa hajainua uso tangu asubuhi. Akanitazama. "Mungu katwaa, Mungu kaleta," akasema. "Huyo mume wangu, anarudi."

Bibi kwetu humtania mjukuu wa kiume kwa kumwita mume, mnajua wenyewe. Lakini mama hakuwa akitania. Na mimi, mbele ya wanawake wote wale, nikajifunika baibui vizuri. Siku tatu za matanga sikuvua baibui.

Sasa mama yuko edani. Chakula hali vizuri, hasemi na watu, ila akitajiwa mtoto anachangamka. Jina la baba ameshampa. Ameshapiga hesabu kwamba eda itaisha na mimi nitajifungua, basi atakuja Mombasa ampokee mtoto. Mume wangu nilimweleza yote, anasema, "Mwambie imeharibika, yaishe." Nitamfisha baba mara ya pili kwa ulimi wangu? Naogopa pia Mungu asije akaniandikia nililolisema. Kila nikiziona siku zangu nalia kama niliyezika mtoto, na mtoto mwenyewe hakuwahi kuwepo.

Jana mama kapiga simu. Hakunijulia hali. Kasema, "Iweke simu tumboni, nataka kusema na mwenzangu."

Nikaiweka. Nilisikia sauti yake ikinong'ona muda mrefu, kisha akacheka kidogo, kicheko sijakisikia tangu msiba. Nilipoirudisha simu sikioni akaniambia, "Haya, kanisikia."

Ndugu zangu, eda imebaki mwezi na siku kidogo. Nimwambie kweli, au nimzike mtoto ambaye hayupo? Nisaidieni, maana mimi akili imegoma.