Chumba Kilichopakana na Baba Mkwe

Kikohozi kilitoka upande wa pili wa ukuta, kikavu, cha mara mbili, kama mtu anayebisha hodi kwa koo. Nilikuwa nimeinama na ufagio, nikiimba kwa sauti yangu yote. Nilikuwa mke mpya, chumba kilikuwa chetu, na upepo wa asubuhi ulileta harufu ya ndizi mbivu kutoka soko la Kisii. Wimbo ulinikwama. Ukuta ule haukufika kwenye paa. Paka angepita juu yake bila kuinama, na sauti zilipita bila kumwomba mtu ruhusa.

"Ni nani huyo?" nilimnong'oneza mume wangu.

Alikuwa ameshika nyundo, anatafuta mahali pa kupigilia msumari wa koti. Mkono ulimganda hewani. "Hicho," akasema, "ni kikohozi cha baba."

Alikuwa baba yake mdogo, fundi wa mawe aliyekuja mjini kujenga. Alikuwa amepanga chumba cha jirani siku moja tu kabla yetu, na hakuna aliyetuambia. Kwetu ndugu wa baba ni baba, hapunguki hata kidogo. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akinisikiliza nikiimba alikuwa baba mkwe wangu.

Asiyelelewa Gusii ataona hapo hapana neno. Sisi tuna ensoni, ile haya iliyobeba heshima. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mke wa mwana hachangii bafu na baba mkwe, wala halali mahali ambapo mzee atamsikia akigeuka kitandani. Na pale plotini, kwenye vyumba vile vya kupanga, bafu lilikuwa moja, mlango wake gunia.

Nilitoka mbio, ufagio mkononi. Naye alitoka mbio kwa mlango wake, kofia imefunika macho. Mimi nilizunguka nyumba kwa kulia, yeye kwa kushoto, tukakutana nyuma kwenye bomba la maji. Aligeuka upesi, akaukazia macho ukuta kana kwamba anaukagua mawe.

"Mwambieni mokamwana," aliuambia ukuta, akimaanisha mimi, mke wa mwana, "kwamba mimi sikusikia wimbo wowote."

Kijana hamwambii baba yake ahame. Ilibidi tuondoke sisi. Lakini tulikuwa tumekwisha kumpa mwenye ploti shilingi ishirini, arubuni ya kushika chumba, na mshahara wa mume wangu ulikuwa mbali. Tangu harusi yetu, miezi michache iliyopita, mimi nilikuwa nikilala kwa mama yake upande wa Suneka, na yeye kwa rafiki yake mjini. Tulikuwa mume na mke wa kuonana Jumapili.

Wifi yangu ndiye aliyetutafutia chumba kingine, huko Mosocho alikokuwa akiishi na shangazi yake. Mwenye chumba hicho alikuwa mjane, Msabato wa kweli kweli. Alikuwa amesema, "Nileteeni pesa kabla jua la Ijumaa halijazama. Sabato sishiki pesa. Na Jumapili asubuhi kuna mwalimu anakuja na zake."

Ijumaa hiyo alasiri tukaingia dukani kwa mwenye ploti, mimi, mume wangu na wifi. Alikuwa Mhindi wa makamo, mcheshi, akipima sukari.

"Chumba kinavuja?" akauliza.

"Hapana," mume wangu akajibu.

"Kuna kunguni?"

"Hakuna. Jirani ndiye baba yangu."

"Baba yako!" Aliweka kijiko chini kwa furaha. "Basi vizuri sana! Atakulindia nyumba ukienda kazini."

"Ndiyo sababu tunahama."

"Mmegombana?"

"Hatujagombana. Nampenda sana."

Mwenye duka alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama wifi ambaye alikuwa ameficha uso ndani ya shali, mabega yakimtikisika. "Unampenda baba yako, kwa hiyo unamkimbia. Kijana, mimi nimeuza vitu kwa watu wengi, lakini hii sijanunua. Nilifukuza mpangaji mwingine kwa ajili yako. Arubuni hairudi."

"Mzee, ni ensoni," mume wangu akasema, jasho likimtoka. Neno lile lilikaa juu ya kaunta kama bidhaa isiyojulikana bei. Kulifafanua zaidi mbele yangu kungekuwa kuvunja ensoni yenyewe. Nilitazama mlangoni. Kivuli cha duka kilikuwa kimeanza kuvuka barabara.

Nyuma ya pazia alikuwa ameketi mama yake mwenye duka, akichagua mawe kwenye dengu. Aliuliza jambo kwa lugha yao. Mwanawe akamjibu, akicheka. Bibi kizee hakucheka. Alisukuma pazia, akaja polepole hadi mbele yangu.

"Wewe," akaniambia kwa Kiswahili cha dukani, "mbele ya baba ya bwana, unakula?"

"Hapana, bibi."

"Unasema jina yake?"

"Hata kidogo!"

Akashika upindo wa sari, akauvuta juu ya kichwa, akaushusha mpaka kidevuni. Sasa alikuwa kitambaa cheupe kinachozungumza. "Mimi, nilipoolewa, hivi. Miaka mingi sana. Baba ya bwana akiingia, mimi hivi. Nikitaka kusema chai tayari, nagonga bangili." Akagonga bangili zake mara mbili. "Yeye anajua. Anakunywa. Mpaka amekufa, uso yangu hajaona."

Wifi aliacha kucheka. Mimi ndiye niliyeanza, nikacheka kwa raha mpaka machozi, kwa kuwa kikohozi cha baba mkwe na bangili za bibi huyu vilikuwa vimesema neno moja. Bibi naye alicheka ndani ya sari yake, kitambaa kikipanda na kushuka. Kisha akaufunua uso, akamgeukia mwanawe. Sikujua lugha ile, lakini kukaripiwa na mama hakuhitaji mkalimani.

Mwenye duka akafungua droo. "Chukua. Zote," akasema, akimpa mume wangu noti. "Kuanzia leo, mtu akitaka chumba, sitauliza kazi yake. Nitauliza, ukoo wako ni upi, na baba zako ni wangapi?"

"Utakaa siku nzima," wifi akamwambia. "Sisi baba zetu hawaishi kuhesabiwa."

Tulishika barabara ya Mosocho kwa miguu, karibu tukimbie, tukipita akina mama wenye mikungu migongoni. Wifi alitangulia, akituhimiza bila huruma. "Kazeni mwendo, maharusi! Jua haliwasubiri!" Milima ilikuwa imeanza kuwa ya zambarau tulipomfikia mjane. Alikuwa amesimama nje na Biblia kwapani, amekwisha kuoga, mavazi ya Sabato tayari mwilini. Alilitazama jua, akatazama noti, akaipokea.

"Mmekuwa na bahati," akasema. "Huku kuta zinafika juu."

Chumba kilikuwa kitupu, chenye mkeka mmoja na taa ya chemni ya kuazima. Wifi aliukalia mkeka, akanyoosha miguu. "Nimechoka. Nafikiri nitalala hapa hapa. Watu watatu tunatosha."

"Wewe!" kaka yake akafoka.

"Shangazi anangoja kufungua Sabato, hata sala moja haniruhusu niikose," akasema, akiinuka kwa kicheko. Alinikumbatia, akanifinya shavu. "Wifi, sasa imba. Imba mpaka paa lisikie."

Akajitanda shali, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.