Siku Niliyomfukizia Udi Mkaguzi wa Hewa

Jamani, chekeni mtakavyo, maana nimeshachoka kujificha, na hapa Mapinga kila jirani anaisimulia habari hii kwa namna yake, basi bora muisikie kwangu mwenyewe niliyeaibika.

Nyumba zetu ziko kumi na mbili, na aliyezichora ni Salha, binti mhandisi, kazi yake ya kwanza kuisimamia peke yake. Zimejengwa zisihitaji kiyoyozi: madirisha yanatazamana, juu ya kuta kuna matundu ya hewa, na maji ya mvua yanaingia tangini. Kilichobaki ni cheti cha nyumba rafiki kwa mazingira, na mabosi wake walishamwambia kwamba bila cheti, awamu ya pili anapewa mtu mwingine. Mkaguzi angeingia nyumba moja tu kwa niaba ya zote, bahati ikaiangukia yangu. Salha akanipigia simu: "Mama Rukia, nakuomba, usifanye kitu chochote. Iache nyumba ilivyo."

Nisifanye kitu! Mimi niliyezaliwa Bagamoyo mjini, mgeni aje nyumba hainukii, watu wangesema nimelelewa wapi? Nikatia makaa kwenye chetezo, nikaweka udi, nikaongeza na ubani (mkono wangu hauna kipimo, hata chumvi ni hivyo hivyo), kisha ili harufu isipotee nikafunga madirisha yote, na yale matundu nikayaziba kwa kanga zangu tano. Nikajiona mwanamke kamili.

Mkaguzi, kijana mpole, akaja na Salha, akanisalimu, "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu, karibu," akaweka mezani kimashine cha kupima uchafu wa hewa. Kikaanza kulia. Akakigonga, kikazidi. Salha akaniuliza taratibu, "Mama, umechoma nini?" Nami, Mungu anisamehe, nikajibu, "Sijachoma kitu mwanangu," nikachomoka hadi chumbani, nikakichukua chetezo na moto wake, nikakisukumia ndani ya kabati la nguo, nikarudi natabasamu.

Njia ya mwongo fupi. Mkaguzi akaendelea kukagua vyumba, na tulipofika changu moshi ulikuwa unatokea kwenye milango ya kabati, na pindo la gauni langu la harusini limeshashika moto. Nikapiga ukelele! Jirani yangu Mzee Shomari, aliyekuwa nje akimwagilia mchicha wake, akaingia mbio na ndoo, "Moto! Moto!", akamwaga bila kutazama. Moto ulizimika, lakini mkaguzi na makaratasi yake walilowa chapachapa.

Nikakaa chini nikalia, na si kwa ajili ya gauni. Nilijua nimemharibia mtoto wa watu kazi yake.

Nilingoja anifokee. Salha akamgeukia mkaguzi, akasema, "Kosa ni langu. Nilimwambia asifanye kitu, sikumweleza kwa nini. Huyu mama alikuwa anakukaribisha tu." Kisha akapanda kiti, akazitoa kanga moja moja, akafungua madirisha yote. Mkaguzi tukamvika kanzu ya mume wangu (ilimfika magotini, maskini), akakaa akanywa chai, upepo ukipita toka upande huu hadi ule, na chai haijaisha, kimashine kikanyamaza.

"Mama," akasema akicheka, "nilikuja kuona kama nyumba hii inapumua. Nimeona."

Alirudi siku nyingine akapima kwa utaratibu wake, nami nilikaa kibarazani mikono mapajani. Cheti kikatoka, alhamdulillahi, na Salha ndiye anayesimamia awamu ya pili.

Angeweza kunisema mbele ya mgeni, na angekuwa na haki. Hakunisema hata tulipobaki wawili, na kwa hilo namshukuru kuliko kwa nyumba yenyewe. Nimeapa, nikiambiwa nisifanye kitu, nauliza kwanza kwa nini, halafu nakaa kitako. Ila siku binti yule akiolewa, wa kumfukizia udi ni mimi, asinipokonye mtu, na madirisha nitayafungua yote.