Uzio Unaopitisha Jua Chini

Mwaka 1911, mvua za kwanza zilipoanza kushuka kutoka milimani, nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na nilikuwa mjane wa siku nne. Mume wangu alifariki Jumatatu, tarehe 6 Novemba. Nilijifunza kusoma nikiwa na mvi tayari, na jambo la kwanza nililolifanya kwa elimu hiyo ni kuziweka tarehe zangu sawa. Kwa hiyo, mwanangu, unapoikuta tarehe hapa, iamini.

Siku hiyo ya nne askari wa Mdachi walipita Rumonge, mji wetu wa ziwani, wakifyeka. Ugonjwa wa malale ulikuwa umewamaliza watu wengi ufukoni, na daktari aliamuru kila kichaka kilicho karibu na ziwa kiondolewe, kwa sababu mbung'o hujificha kivulini, karibu na ardhi. Uzio wangu wa matete, uliokwisha kuvamiwa na magugu, uliangushwa kabla ya adhuhuri. Nikabaki edani katika nyumba iliyo wazi kwa kila aendaye kuchota maji.

Jioni akaja Hamisi, ndugu wa marehemu.

"Shemeji, mwanamke wa eda hakai sokoni. Funga mizigo twende kwangu Nyanza. Kiwanja nitakiangalia mimi."

Nilikujua kuangalia kwake. Kiwanja cha binamu yake kule Kabonga alikiangalia mpaka kikaota michikichi yake mwenyewe. Nikakataa. Mzee wa mji akaitwa, akaamua hivi: eda ikiisha nami nina uzio unaonisitiri, ambao askari hawana sababu ya kuukata, nyumba na kiwanja ni vyangu. Nikishindwa, vyote ni vya Hamisi.

Nilitaka kupanda asumini peke yake, kwa kuwa marehemu aliipenda harufu yake. Jirani yangu Mama Bukuru, Mrundi wa Kigwena aliyezeeka na jembe mkononi, alivitazama vipandikizi vyangu, akacheka.

"Amahoro, mwanangu. Hii maua iko muzuri. Lakini inalala chini kama mulevi. Mbung'o atashukuru, askari atakata, Hamisi atapata shamba."

"Basi nipande nini, mama?"

"Usiulize maua gani iko muzuri. Uliza kila mumoja anafanya nini wakati mwenzake anachoka."

Sikuwahi kuliuliza ua lolote swali la namna hiyo.

Alikata matawi marefu kuliko mtu ya umurinzi, ule mti wetu wa maua mekundu ambao Warundi huutambikia, akayachimbia kwa safu. Umurinzi huchipua upesi, lakini kiangazi hupukutisha majani yote ili uchanue. Kwa hiyo kati yake tukatia mhina, ambao huyashika majani yake kiangazi na maua yake meupe hunukia hadi barabarani. Mhina nao hukua polepole mno. Basi mbele yake tukapanda mbaazi, ishike zamu mara moja na kuondoka wenzake wakishakomaa, nasi tule huku tukisubiri. Mchana nilikaa ndani, mkeka ukiziba mlango. Alfajiri nilipogoa kila jani lililoota chini ya magoti, nikafagia, ili jua liguse ardhi.

Mwezi Januari Hamisi alisimama njiani akipaza sauti ili wapita njia wasikie.

"Mjane wa Kiislamu kapanda mti wa matambiko! Na uzio wenyewe hauna suruali! Watu watahesabu vidole vyake vya miguu!"

Mama Bukuru akamjibu kutoka ndani: "Wahesabu tu, baba. Kimoja kikipotea tutajua mwizi ni nani."

Eda ilikwisha Alhamisi, tarehe 14 Machi 1912. Jumamosi, tarehe 16, mzee wa mji alifika na askari mmoja, Hamisi akiwafuata. Mzee aliketi njiani, akanisalimu, akasikia sauti yangu bila kuuona uso wangu. Askari alipiga magoti, akachungulia chini ya uzio kutoka pembe hadi pembe. Ardhi ilikuwa kavu, imejaa jua. Alilirudisha panga kwapani, akasema, "Huu hauna kosa."

"Hamisi, una neno?" mzee akauliza.

"Nimeviona vidole vyake!"

"Umeviona vidole vya mwenye nyumba," mzee alisema, akainuka.

Mwanangu, unapochagua wa kuishi naye, wa kufanya naye kazi au wa kumwita rafiki, usiishie kwenye rangi na harufu. Tazama atasimama vipi msimu utakapokuvua majani. Mheshimu pia yule anayekuja kukushikia zamu kisha akaondoka. Wala usione haya kuacha pawe wazi pale ambapo uwazi ndio unaokulinda. Mungu akuzungushie watu wa namna hiyo, akujaalie kuketi katika uwanja wako mwenyewe kama nilivyoketi mimi Jumamosi ile, tarehe 16 Machi 1912.