Chumba Kisicho na Komeo

Kabla miguu haijamgomea, mtaani walimwita Fundi Milango. Mkewe alipofariki, naye akaanza kuangukaanguka bafuni, bintiye alimtafutia makao ya wazee, yale ambayo mshahara wake ungeyamudu. Palikuwa safi, chakula kilikuja kwa wakati, na wahudumu walimsaidia kuoga bila kumkaripia. Shida ilikuwa mlango wa chumba chake. Haukuwa na komeo kwa ndani, na yeyote aliyetaka kuingia aliingia, hata mzee akiwa bado anahangaika na suruali.

Bintiye alipokuja kumtembelea, mzee alimwambia, "Mwanangu, niletee komeo dogo tu. Nitalipigilia mwenyewe. Huku ni kulala sokoni."

"Hawaruhusu, baba. Ukianguka watakufikiaje?"

"Basi nirudishe nyumbani."

Binti aliinamisha kichwa. "Nyumbani mchana kutwa hakuna mtu. Na kwingine siwezi kulipa."

Mzee akaona amemtia mtoto simanzi bure. Akamshika mkono, akamuuliza habari za wajukuu.

Hata hivyo, wakati wa kutoka binti alimpitia msimamizi, akamwomba wahudumu wawe angalau wanabisha hodi. Msimamizi akakubali bila kinyongo.

Kesho yake asubuhi mhudumu aliita "Hodi!" kwa uchangamfu. Mzee alipofumbua kinywa kumjibu, yule mhudumu alikuwa tayari kando ya kitanda, anakunja blanketi.

"Karibu, mwanangu," mzee akasema, akavuta shuka mpaka kifuani.