Jina Alilolikubali Kasuku Wangu

Sina nguvu za kutunga hadithi. Niseme hilo kwanza, maana najua watu wakisikia kisa cha namna hii husema huyo mama kakosa kazi. Kazi ninayo. Nashona sare za shule hapa Bariadi, mgongo unaniuma tangu asubuhi, na nikilala siambulii hata ndoto. Haya ninayoyasimulia yalitokea nyumbani kwangu, mchana kweupe, mbele ya shangazi yangu ambaye bado yuko hai na hapendi nizungumzie habari hii. Ukitaka amini. Usipotaka nitakuelewa, maana hata mimi kuna siku sitaki kuamini.

Binti yangu wa mwisho alipoolewa, nyumba ilibaki na mimi na cherehani. Presha ikapanda. Daktari wa zahanati akaniambia, "Mama, tafuta hata kitu cha kuongea nacho. Ukikaa na mawazo peke yako, dawa hizi zitakuwa za bure." Mwingine angefuga paka. Mimi nilikuwa nimeona kwenye simu ya jirani wale kasuku wadogo wa kijivu, wenye kishungi kichwani na mashavu ya rangi ya chungwa kama waliopakwa poda. Kokateli, ndivyo wanavyoitwa. Nikasikia kwamba Binza, kule Maswa mjini, kuna mke wa mwenye duka anawafuga uani kwake. Nikapanda basi nikaenda.

Mama Rehema, ndiye huyo mwenye ndege, alinionyesha sita. Akanifundisha kuchagua: macho yawe mang'avu, pua safi, manyoya ya chini ya mkia yasiwe na uchafu, na uchukue mdogo aliyekwisha kuzoea mkono. Akanisogezea mmoja aliyekuwa anampanda kidoleni na kuchezesha kichwa, ukimwona tu unacheka. Huyo ndiye niliyepaswa kumchukua. Lakini mimi ni mtoto wa wafugaji. Baba yangu alikuwa hachagui ng'ombe kwa kumtazama. Aliwapa mgongo, akangoja aone nani atamsogelea. Basi na mimi nikawapa mgongo ndege wa watu. Mama Rehema akaguna, "Haya, makubwa." Nilipogeuka, mmoja aliyekuwa amejikunyata pembeni alikuwa ameshuka hadi kwenye waya, usawa wa bega langu, kimya, ananitazama. Nikamchukua huyo.

Nilifuata maelekezo yote. Tundu nililiweka karibu na cherehani, mahali pasipo na upepo, upande mmoja nikafunika khanga ili awe na pa kujificha. Sikumshika. Niliongea naye polepole, nikaweka uwele kiganjani, nikaingiza mkono na kungoja mpaka ukafa ganzi. Hakula. Alipiga kelele tangu kunakucha mpaka jua linazama, kelele kali ya aina moja, na nikisogea ananitolea sauti kama nyoka. Siku ya nne jirani akaja kuniuliza hali kwa ule upole ambao si upole. Alipoondoka nilikaa sakafuni nikalia, mtu mzima, kwa sababu ya ndege.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, anakaa nyumba ya pili. Alikuja siku hiyo na ungo wake wa choroko, akawa anachambua huku anamsikiliza. Halafu akasema, "Huyu analilia jina."

Kwetu Wasukuma mtoto akilia sana na hana ugonjwa, wazee hukaa wakataja majina ya waliotangulia, mmoja mmoja. Jina atakalotulia nalo ndilo lake. Hata ng'ombe hupewa majina ya marehemu. Lakini kasuku wa kununua Binza? Nikamwambia shangazi kwamba mimi ni mtu wa kanisani.

"Hata mimi," akasema. "Wewe taja."

Nikaingiza mkono wenye uwele tunduni, nikataja. Masunga, babu yangu. Kelele. Kabula, bibi yangu. Kelele. Limi, dada yetu aliyefariki angali mdogo. Baba mwenyewe. Kelele ile ile. Marehemu wangu wakaisha.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Nina mdogo wangu wa kiume anayeitwa Masanja. Miaka tisa kabla ya siku hiyo aliswaga ng'ombe wetu kwenda kusini, upande wa Lindi, kutafuta malisho, kama walivyofanya wengi wa huku. Mwezi wa kwanza alipiga simu. Baada ya hapo namba ikawa haipatikani. Hakuna aliyeleta taarifa ya kifo, kwa hiyo hatukukaa msiba. Mama yetu, aliyeko kijijini Shishiyu, alikataa katakata hata mjukuu apewe jina la Masanja. Kila nilipokwenda kumwona, kabla sijakaa, ananiuliza, "Mdogo wako kapiga?" Miaka tisa namjibu bado. Unajua uzito wa neno hilo ukilisema miaka tisa?

Nikamtaja Masanja. Usidhani ulimi uliteleza. Nilikuwa nimechoka. Nilitaka awe amekufa, tujue, tulie, yaishe. Hilo sijawahi kumwambia mtu, nakwambia wewe.

Kasuku akanyamaza. Akashusha kishungi, akatembea juu ya kijiti mpaka kwenye kiganja changu, akaanza kula uwele. Alipomaliza akainamisha kichwa nimkune. Nikamkuna. Shangazi alikuwa amesimama.

"Umemwita mtu ambaye hatujamzika," akasema, akatoka, ungo wa choroko akauacha pale pale.

Niamini, siku zilizofuata nilikuwa na furaha. Alikaa begani kwangu nikishona, akivuta uzi kwa mdomo, akinipekua nywele. Nikilala mchana naye analala. Nilimwita Masanja na aliitika kwa kuinua kishungi. Kisha siku moja, saa kumi na moja jioni, alipiga mluzi. Miwili mifupi, halafu mmoja mrefu unaopanda na kukatika mwishoni. Niliweka mkasi chini. Huo ulikuwa mluzi wa mdogo wangu wa kurudisha ng'ombe nyumbani tangu utotoni, na ulikatika hivyo kwa sababu ya jino lake la mbele lililovunjika. Nikampigia Mama Rehema. Akaniambia ndege wake hawajawahi kufundishwa mluzi na mtu, wanachoiga ni mlio wa simu tu. Basi niambie wewe, aliutoa wapi?

Shangazi hana kifua cha kutunza neno. Jumamosi mama akafika kutoka Shishiyu kwa bodaboda, na umri wake ule. Hakuniuliza lile swali lake. Nikamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akaitikia na kukaa mbele ya tundu, akakataa chakula, akangoja. Saa kumi na moja ndege akapiga mluzi. Mama aliitikia kwa kichwa taratibu.

"Ndiye," akasema. "Basi mwanangu amekwisha."

Tukakaa msiba. Tulinyolewa nywele, tukalala kwenye mikeka, kwaya ikaja ikaimba. Na mama, ambaye kwa miaka tisa alikula kama ndege, akala ugali akamaliza, akalala mpaka jua likatoka. Nilimtazama nikajiambia kwamba nimetenda jambo jema.

Wiki ya tatu baada ya msiba, saa saba mchana, kulikuwa na mtu mlangoni. Mwembamba, miguu ina vumbi mpaka magotini. Nilimtambua kabla hajafungua mdomo. Mguu wangu uliendelea kukanyaga cherehani, sindano ikashona kitambaa mpaka kikaisha.

"Dada," akasema, "nipe maji."

Mzimu hauombi maji, nilijiambia. Akanywa vikombe vitatu. Nikamshika mkono, ulikuwa wa moto, mkono wa mtu aliye hai. Kwa sauti ndogo akanieleza kwamba kundi lilipukutika kwa ugonjwa na aliona aibu kurudi au hata kupiga simu. Akabaki na ng'ombe wachache, akiishi nao porini. Kisha jioni moja, kama mwezi na zaidi uliopita, alikunja midomo apige mluzi, ukatoka upepo mtupu. Ng'ombe wake wakamtazama kama mgeni, wakaingia msituni. Na alikuwa amesikia sauti yangu, mchana wa siku ile ile, ikimwita mara moja tu. Nikamuuliza ilikuwaje.

"Ilikuwa imechoka," akasema. Tangu hapo hajanisimulia kitu tena.

Mama aliletwa kutoka Shishiyu jioni ile ile. Alisimama mbele ya mwanawe, kichwa chake mwenyewe bado kimenyolewa kwa msiba. "Masanja," akamwita. Ndugu yangu aliendelea kutazama sakafu. Ndege ndiye aliyeinua kishungi, akapiga mluzi. Mama akaita tena, safari hii amemshika mashavu kwa mikono miwili. Macho ya ndugu yangu hayakugeuka. Ndege akaitika tena.

Sasa ni mwaka wa pili. Yuko hapa, chumba cha pili. Akipewa chakula anakula, akiambiwa lala analala. Kwa jina lake haitiki, tunamwita "wewe." Shangazi alijaribu kumbadilishia ndege jina, tukakaa tukataja majina upya, akapiga kelele mpaka tukamrudishia. Tukaenda Kasoli kwa mzee mmoja anayejua mambo haya. Akasema jina lililokubaliwa haliondolewi maadamu aliyelikubali anaishi. Na akifa ndege? Mzee aliinuka, akatuaga. Mama Rehema anasema kokateli akitunzwa vizuri hufika miaka kumi na mitano na zaidi. Mwaka jana ndege aliugua, hakula siku mbili, na siku hizo mbili ndugu yangu hakuinuka kitandani.

Kwa hiyo simuuzi, simwachii aruke, siwezi hata kumchukia. Ananipenda yule ndege. Naamka mapema namwekea maji safi na uwele, nagusa kifua chake kama kina joto, halafu ndipo nakwenda chumba cha pili kumwamsha mtu wangu. Mama alihamia kwangu. Hukaa katikati yao, na akiita hajui amtazame nani.

Wewe unayenisikiliza, kama una mtu wako umemngoja mpaka ukachoka, sema umechoka. Sema kanisani, sema msikitini, mwambie jirani. Lakini usimtaje kati ya wafu ili moyo wako utulie. Sikuwa na ubaya naye. Nilitaka kupumzika tu.