Nilitia Moto Juu ya Jina ya Mama Mudogo

Mimi njo mwenye kosa. Musitafute mwingine, musisingizie mvua, wala barabara ya Walikale, hata kama ile barabara inastahili kusingiziwa kila siku. Ni mimi na hii mikono yangu, na ile diplome ya infographie, kazi ya kupamba maandishi ku mashine, niliyoibandika ku ukuta sawa picha ya askofu.

Niko na ka-secrétariat, kaduka ka kuchapa karatasi, hapa Nyamitaba: mashine ya kompyuta moja, imprimante moja ya kuchapa, panneau ya jua ku bati. Watu wanakuja kwa photocopie ao mualiko ya ndoa. Na mimi, muntu mukubwa, sikuacha maandishi hata moja itoke uchi. Lazima niivalishe effet, mapambo ya mashine! Ombre, ile kivuli nyuma ya herufi, dhahabu, moto! Tangazo ya marehemu mumoja niliiwekea nyota zinametameta. Familia ililia mara mbili, na mimi nikafikiri ni juu ya uzuri.

Sasa, mama mudogo yangu njo alinilea kisha mama kufariki. Njo aliuzisha ng'ombe yake nisome ile infographie ku Goma. Anatengenezaka foromaji, jibini ya maziwa, na iko tamu, sisemi hivi juu ni jamaa.

Siku moja Papa Kambale, muchuuzi wa Butembo mwenye duka kule Walikale, akamuagizia foromaji makumi tatu mara moja. Mama mudogo hakuwahi kupata komande ya vile. Papa Kambale aliomba kitu kimoja tu: kila foromaji iwe na etiketi, wateja wajue jina ya kuitisha tena.

Mama mudogo akakuja na karatasi, ameikunja mu kitenge. Ndani kulikuwa jina yake na ya kijiji, kwa kalamu ya bic ya bleu, herufi zinaenda upande sawa mbuzi zinapanda kilima. Muelewe: mwaka huu njo alianza kalasi ya wamama ya kusoma na kuandika ku parokia. Mbele ya hapo, kila karatasi alikuwa anatia kidole mu wino.

"Papa," njo vile ananiitaka, "weka hii. Hivi hivi vile iko. Usiongeze kitu."

"Hivi hivi, Mama mudogo? Watu watacheka."

"Wacheke. Ni mukono yangu."

Nilisikia, kaka zangu na dada zangu! Nisiwadanganye. Nilisikia muzuri kabisa, na nikacheka ndani ya moyo. Mutaalamu muzima, niache foromaji ifike Walikale na maandishi ya mutoto ya shule?

Alipotoka tu, nikaipiga jina upya, herufi minene. Nikatia dhahabu. Dhahabu ikaonekana maskini, nikaongeza ombre. Ombre ikaomba moto, nikaipa moto! Nyuma nikajaza nyeusi tii, kwa sababu moto bila giza haionekane. Foromaji inawaka, wasomaji! Dereva anayetafuta mafuta ya breki angeinunua bila kuuliza.

Imprimante ikaanza kukohoa na kumwaga wino. Nikafuta na karatasi iliyokuwa karibu. Mukumbuke ile karatasi.

Kesho yake nikamupa etiketi. Akaangalia, akageuza, akaangalia tena.

"Jina yangu iko wapi?"

Nikamuonyesha na kidole, katikati ya moto. Akasema, "Aksanti, papa." Gari ilikuwa inangoja. Foromaji inatoka mu maji ya chumvi, iko na majimaji, etiketi inajishika yenyewe. Na ile wino yangu ya bei chini nayo ikajishika.

Siku ine mu matope, barriere kwa barriere za barabara, foromaji juu ya foromaji. Kisha Papa Kambale akapiga simu. Mama mudogo anasikilizaka na haut-parleur, sauti inatoka inje, basi nyumba yote tulisikia.

"Mama, ulinitumia foromaji ao wagonjwa? Hii iko violet, hii nyeusi sawa jicho ya muntu alipigwa! Muteja ameniuliza kama ni sabuni!"

"Papa Kambale, ndani iko muzuri. Kata uone."

"Nimekata, mama. Ndani iko muzuri. Lakini nani atanunua ndani? Zinarudi na gari."

Nilitafuta effet, nikaipata!

Tulikula foromaji asubuhi, tukakula mangaribi, jirani wakakula mpaka wakaanza kupita njia ingine. Mimi njo nilikuwa nakwangua wino na kisu. Ku foromaji moja jina ilijipiga kinyume sawa ku kioo, pamoja na moto yake yote, muzuri kuliko ku karatasi. Haikutoka hata na maji moto. Félicitations, hongera kwangu!

Mama mudogo hakunitukana. Heri angenitukana! Aliuliza kitu kimoja tu.

"Papa, ile karatasi yangu iko wapi? Mwalimu anataka kuiona. Njo mara ya kwanza niliandika jina yote bila kuangalia ku ubao."

Nikaingia mu secrétariat, nikajifanya muntu anatafuta. Nilijua fasi ile karatasi iko. Nikaitoa mu takataka, nyeusi yote, herufi mbili tu zinaonekana. Nilisikia haya mpaka machozi. Akaipokea, akaikunja polepole, akairudisha mu kitenge.

Papa Kambale amemujaribu tena, na foromaji kumi tu. Sasa mama mudogo anakaa ku mulango na bic yake, anaandika etiketi moja moja. Bic haichuruzike. Nilimufuata, nikamuambia: lete nikupigie photocopie, bure, hivi hivi vile iko, sitaongeza hata nukta.

"Hapana, papa," akajibu, bila kuinua kichwa. "Wewe iko na kazi mingi."

Basi wewe uko mbele ya mashine sasa hivi, kidole juu ya ombre: ondoa kidole. Muulize kwanza mwenye jina. Na akisema usiongeze, usiongeze. Mimi niko na effet zote za dunia hapa, na hakuna hata moja inaweza kurudisha ile karatasi.